Mkaaji wa Mutua Ngoma

Siku mliyoniaga mlinikatia keki, mkanivisha leso mbili, mkaniomba neno. Nikasema asanteni, nikaketi. Baadhi yenu mlidhani nimezidiwa na machozi. La. Nilikuwa na njaa, na keki ilikuwa mbele yangu. Neno nimelileta sasa kwa maandishi, kwa sababu kwenye karatasi hakuna mtu wa kunikatiza aniambie kuna mgonjwa mlangoni.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuja, na kimoja kilikuja pamoja na kiti chenye mguu mbovu. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia nyinyi. Nitaandika juu ya chumba cha majeruhi, nilikomalizia karibu miaka yangu yote ya uuguzi, na juu ya watu wa mpira, ambao vichwa vyao ndivyo vilivyonifundisha kushona.

Nilifika siku ya kwanza na gauni jipya na viatu vyeupe ambavyo mama yangu alivipaka chaki mpaka vikang'aa. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Langoni aliyeumwa begani na punda wake mwenyewe. Chuoni nilikuwa nimesoma malaria, kifua kikuu, uzazi na surua, punda hakuwamo. Nikasimama na bandeji mkononi, namtazama mzee, naye ananitazama. Nyuma yangu akapita mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, akasema bila kusimama, "Mwanangu, hicho kidonda hakijui kusoma. Kioshe."

Huyo ndiye Bi Zuhura, mkubwa wa chumba. Alikuwa mtu wa kisiwa chetu cha Amu kwa mama na kwa baba, na kazi yote ninayoijua ameniachia yeye. Siku zile sindano tulizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, bandeji zikafuliwa, zikaanikwa darini na kukunjwa upya. Bi Zuhura alikuwa na mkasi wenye pua butu aliouning'iniza kiunoni kwa kamba, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba nguo ya majeruhi haivuliwi, inakatwa. Ukimvulia mtu shati huku mkono wake umevunjika, alisema, utamfanya alie mara mbili kwa jambo moja. Nilikata mashati mengi. Wenye mashati walinichukia, mifupa yao ikashukuru.

Sharti lake la pili ndilo ninalotaka mlisome polepole. Bi Zuhura hakukubali mgonjwa mahututi alale bila mtu kando yake. Muuguzi ana wagonjwa wengine, alisema, na dawa haina mkono wa kushika mkono. Mwenye jamaa alikaliwa na jamaa yake. Asiye na jamaa, Bi Zuhura alitoka barazani, akawatazama wanawake waliokaa wakingoja zamu zao, akamnyooshea mmoja kidole: "Wewe. Kaa na huyu." Aliyenyooshewa aliitwa mkaaji. Sikuwahi kumwona mkaaji aliyekataa, kwa sababu hakuna aliyetaka kurudi hapo wiki ijayo na mtoto mwenye homa akutane na Bi Zuhura. Mwalimu mmoja wa kutoka bara, aliyelazwa na malaria kali na hana hata binamu kisiwani, alipewa mkaaji kutoka Mkomani. Yule mama alikaa naye mpaka homa ikatoka, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa mkwewe. Bi Zuhura alikula harusi hiyo akiwa amekaa mbele kabisa.

Sasa mpira. Nyinyi mliokuja karibuni mnazijua timu zote mbili, lakini hamkuziona zilipokuwa na sumu. Matlai ni ya Wiyoni, jezi ya kijani. Nanga ni ya Shela, jezi nyeupe. Ugomvi ulianzaje sijui, na kila aliyenieleza alikuwa na bandeji kichwani wakati huo, kwa hiyo sikumwamini. Ninachojua ni kwamba wiki ya mechi yao mafundi wa Wiyoni waliokuwa wakijenga nyumba za wageni Shela walisusa kazi, na wenye nyumba wa Shela wakasema afadhali. Mama mmoja wa Wiyoni aliyekuwa akipeleka mahamri Shela kila asubuhi alirudishiwa sahani zake zikiwa hazijaguswa. Siku ya mechi yenyewe mimi nilitayarisha nyuzi mapema, nikala mchana saa nne, kwa sababu baadaye nisingepata nafasi.

Walikuja wakitembea, wakibebwa, wengine juu ya punda. Wakifika waliendeleza ugomvi pale pale mlangoni. Bi Zuhura alipokuwapo aliwakalisha benchi moja, bega kwa bega, mpaka wakachoka kutukanana. Yeye alipostaafu sisi tuliobaki hatukuwa na macho yake, tukaweka mabenchi mawili: la dirishani Wiyoni, la mlangoni Shela. Hakuna aliyeandika amri hiyo. Ilikuwa rahisi tu, na watu wenyewe waliipenda hata wakaanza kuwapanga majeruhi wao kabla hatujafika. Jezi ya kijani huku, nyeupe kule.

Katika wateja wangu wa kudumu wawili nawataja. Mutua alikuwa fundi wa mawe kutoka bara, Mkamba, aliyekuja Wiyoni kujenga ukuta mmoja na hakuondoka tena. Alipiga ngoma ya Matlai. Aliipiga kwa nguvu hivi kwamba ikisemwa "Mutua" tu watu waliuliza Mutua yupi, na ikisemwa Mutua Ngoma hakuna aliyeuliza. Mgongoni mwa jezi yake aliandikisha neno hilo hilo, NGOMA, kwa herufi kubwa. Nilimshona paji la uso mara mbili. Mara zote aliniuliza kama kovu litaonekana, na nilipomwambia litaonekana alifurahi.

Wa pili ni Athumani, mbeba bendera wa Nanga, mtoto wa pekee wa Bi Maryamu wa Shela, mjane aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba za wageni. Msimu mmoja Athumani aliruka upande wa Matlai na kisu, akaichana ngoma ya Mutua. Katika vurugu iliyofuata akavunjika kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nilimfunga kibao, akakitoa siku ya pili apate kushika bendera vizuri, na kidole kikapona kikiwa kimepinda kwa nje. Mama yake alikuja kuniomba radhi kwa niaba ya kidole. Mutua naye aliitia ngoma kiraka, akaapa mbele ya watu kwamba yeye na Athumani hawatakunywa maji ya kisima kimoja mpaka Kiyama.

Basi mwaka uliopita mechi ilichezwa Mokowe, ng'ambo. Walivuka na boti mbili, kila upande na boti yake, na mpira ulikwisha bila kufungana, jambo ambalo lilimuudhi kila mtu. Kurudi, wale waliokosa kushindana uwanjani wakashindana majini. Boti zikakimbizana, watu wamesimama, wanaimbiana matusi. Kwenye kona ya mikoko, pale mkondo unapobana, boti moja ikaikatia nyingine njia, zikagongana, zote mbili zikapinduka. Boti ipi iliikatia ipi njia, niliulizwa mara nyingi. Majeruhi wote niliowaosha walikuwa wamemeza maji ya bahari ile ile, na hilo ndilo jibu ninalolijua.

Ilikuwa baada ya Alasiri. Waliowatoa majini walikuwa watu wa Mokowe na mabaharia wa chombo cha mchanga, ambao hawakujua nani mtoto wa nani. Kutoka gatini mpaka hospitali waliwaleta kwa mikokoteni. Na kwa kuwa desturi yetu ilikuwa imeshajulikana na kila mtu, pale mlangoni wakapokelewa na kupangwa: kijani dirishani, nyeupe mlangoni. Wawili walikuwa wameshakufa, mmoja wa Wiyoni na mmoja wa Shela. Nikawafunika, nikarudi kwa walio hai.

Mahututi alikuwa mmoja, kijana aliyepasuliwa uso na chuma cha injini na aliyekuwa haamki. Huyo alichukuliwa moja kwa moja na tabibu wetu mpya, Daktari Wanyama, aliyekuwa hajatimiza mwezi kisiwani. Akamkata jezi kwa mkasi wa Bi Zuhura, ambao nilimwachia mezani. Akamfunga uso akabakiza jicho na pua, akamtia hewa. Kisha akanipigia kelele kutoka nyuma ya pazia, "Jezi imeandikwa Ngoma! Mnamjua?"

Tulimjua sote. Mimi nilikuwa na mguu wa mtu mikononi mwangu na damu haijakatika, sikuingia kutazama. Nikawaambia walio barazani kwamba Mutua Ngoma yuko hai, yuko ndani, ameumia uso. Salimu, mkubwa wa mashabiki wa Matlai, mtu mzito ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha. Wenziwe wakamshika mabega. Walikuwa wamempoteza mmoja tayari, na huyu walikuwa wameshamhesabu wa pili.

Upande wa pili, Shela walikuwa wamehesabiana na aliyekosekana alikuwa Athumani. Bi Maryamu alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Shela, mikono bado ina povu la sabuni lililokauka. Alitazama benchi la Shela uso kwa uso, akalimaliza, akaanza tena. Mtu mmoja akamwambia boti bado zinatafuta. Akaitika "Haya," akakaa kwenye ncha ya benchi, na hakuuliza tena.

Nilipomaliza ule mguu nilikumbuka kwamba Mutua yuko ndani na hana mtu. Mama yake yuko bara, safari ya siku nzima. Nikatoka barazani kama nilivyofundishwa. Wanawake wa Wiyoni kila mmoja alikuwa na mtu wake, au alikuwa na yule aliyefunikwa. Nikasema kwa sauti, kwa wote, "Kuna kijana ndani hana mkaaji."

Sikumnyooshea mtu kidole. Sikuwa na uso wa kumnyooshea mtu jioni ile. Aliyesimama ni Bi Maryamu.

Nikamwambia polepole, "Bi Maryamu, ni Mutua. Yule mpiga ngoma wa Wiyoni."

"Namuyua," akasema. "Mamake hayuko. Nami kukaa hapa nde sitendi kitu. Ntakaa nae mpaka waniletee wangu."

Mwanamume mmoja wa Shela akamshika nguo. "Bi Maryamu, yule si ndiye aliyeapa…"

"Niatia," akasema, na yule bwana akamwachia.

Akapita mbele ya benchi la Wiyoni. Salimu akainuka kumpisha, akatazama chini. Akaingia nyuma ya pazia. Nikamsikia akivuta kiti, akaanza kusoma Yasin kwa sauti ya chini. Nikarudi kwenye nyuzi zangu. Baada ya muda sauti ikakatika katikati ya aya, na haikuendelea.

"Bi Rukia," akaniita nije. "Ndoo hapa."

Nikaenda. Alikuwa amekaa ameshika mkono wa kushoto wa mgonjwa, ameweka kidole gumba juu ya kidole kidogo. Kidole kilikuwa kimepinda kwa nje. Kazi yangu niliyoharibiwa niliitambua kabla hata sijamtambua mwenyewe.

"Huyu si Mutua," akasema. "Huyu ni wangu."

Nikafungua mdomo kusema alhamdulillahi, na nadhani ningeisema kwa sauti ya kusikika Wiyoni. Bi Maryamu akanifunika mdomo kwa kiganja chake. Kilinuka sabuni.

"Nyamaa," akasema. "Wale walo nde wafurahia mwana wao. Tutawambiaye?"

Wanangu, nimeona watu wengi wakipokea habari njema, na karibu wote hupiga kelele. Siwalaumu. Sijamwona mwingine aliyepokea yake akaikalia hivyo, kwa sababu alijua furaha yake ikitoka pale mlangoni itamwangukia mtu. Nilimpenda siku ile na nampenda mpaka leo.

Nikamwambia nitakwenda mimi, ni kazi yangu, na ni mimi niliyewapa habari ya kwanza. Akakataa. Akambusu mwanawe kidole, akamfunika vizuri, akaniambia, "Mtezamie huyu." Akatoka. Nikamfuata mpaka kwenye pazia.

Hakwenda kwenye benchi lake. Alikaa benchi la dirishani, katikati ya jezi za kijani, karibu na Salimu.

"Meamka?" Salimu akauliza. "Mama, Mutua meamka?"

"Salimu mwanangu," akasema, "ulo ndani si Mutua. Ni Athumani wangu. Jezi ni ya Mutua, mtu ni Athumani. Mutua yungali baharini."

Salimu alimtazama muda mrefu, nami nikajiandaa, kwa sababu nilimjua Salimu na ngumi zake kwa miaka.

"Basi wewe una furaha, mama," akasema hatimaye. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

"Nina furaha," akasema Bi Maryamu. "Sitakudanganya. Lakini mimi nimetumwa kukaa na Mutua. Sikutumwa kukaa na Athumani. Ntakaa hapa mpaka aye."

Akakaa. Salimu akainama mpaka paji lake likagusa magoti yake mwenyewe, na Bi Maryamu akamwekea mkono mgongoni, pale pale penye kijani. Kisha yule bwana wa Shela aliyemshika nguo akavuka, akakaa sakafuni mbele yao. Akaja wa pili. Sikuhesabu. Ninachokumbuka ni kwamba benchi la dirishani lilijaa mpaka watu wakakaa chini, na la mlangoni likabaki tupu. Nikalichukua nikamlazia mtu aliyevunjika nyonga, maana vitanda vilikuwa vimekwisha.

Mutua aliletwa asubuhi jua limeshatoka. Walimkuta ameshakufa kwenye mizizi ya mikoko, kifua wazi. Boti iliyomwona ilikuwa ya vijana wa Shela na Wiyoni waliotoka pamoja kumtafuta. Bi Maryamu alikuwa bado pale pale. Alikuwa ameondoka kwa ajili ya sala tu, na mara moja alipoitwa kuambiwa Athumani ameamka. Aliingia, akamwona, akamwambia, "Ntakuya, ngoja," akarudi kwenye benchi. Kijana akaniuliza mama yake ana nini. Nikamwambia yuko na Mutua. Akageuza uso ukutani.

Siku mbili baadaye, Athumani alipoweza kusema sawasawa, akanieleza habari ya jezi. Yeye na Mutua walijikuta wawili juu ya tumbo la boti iliyopinduka, hawakuchaguana. Shati lake lilikuwa limebaki mikononi mwa mtu aliyejaribu kumvuta. Alikuwa anatoka damu na anatetemeka. Mutua akavua jezi akamvalisha kwa nguvu, kama mtoto, na akamwambia, "Ukiitoboa hii kama ulivyotoboa ngoma yangu, nitakuua mimi mwenyewe." Kisha wakasikia mtu anaita. Mutua alijifunza kuogelea ukubwani, pale gatini, watoto wakimcheka, na aliogelea vibaya. Alishuka majini akafuata sauti. Mwenye sauti aliokolewa na watu wa Mokowe, upande mwingine.

Maziko ya wale wawili niliowafunika yalikuwa siku ile ile aliyoletwa Mutua, baada ya Adhuhuri na baada ya Alasiri, ili watu wawahi yote. Wanaume wa Wiyoni walikwenda Shela na wa Shela wakaja Wiyoni. Mimi sikwenda makaburini, lakini nililiona jeneza la kijana wa Shela likipita chini ya dirisha letu kutoka hospitali, na mabega mawili ya mbele yalikuwa ya Matlai.

Mutua alikuwa Mkristo na ilibidi arudishwe kwao. Hapo ndipo watu wetu walipofanya kosa ambalo ningependa mchungaji wake awasamehe, kama hajawasamehe. Sanduku lilikuwa na vishikio vya pembeni, la kubebwa kwa mkono, taratibu, na kwaya nyuma. Vijana wetu jeneza wanalijua kwa njia moja tu. Wakalitupa mabegani, wakaenda nalo mbio mbio kama inavyotakiwa kwetu, kila mmoja anasukumana apate bega japo hatua chache, Nanga na Matlai wanapokezana, anayetoka nyuma anakimbilia mbele. Mutua alifika gatini kwaya ingali kwenye ubeti wa pili huko nyuma. Mchungaji akaja anahema, ameshika kofia, akasema, "Jamani, mngetungoja." Salimu akamjibu kwa adabu kabisa, "Samahani Pasta. Sisi mtu wetu hatumcheleweshi."

Bi Maryamu aliomba kumpigia simu mama wa Mutua yeye mwenyewe. Nilikuwapo. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Alimwambia, "Jezi ya mwanao ndiyo iliyomfunika mwanangu." Alimwambia, "Mimi nilikaa naye mpaka alipoondoka kisiwani." Mama wa Mutua akauliza kama alikaa naye peke yake. Bi Maryamu akasema, "La, tulikuwa wengi, tulikuwa Shela na Wiyoni nzima." Tangu siku ile wakawa wanapigiana kila wiki. Wanaongea habari za kuku na mvua.

Jezi ilikuwa imekatwa vipande viwili, na sikuweza kuitupa. Niliishona kwa uzi wetu wa hospitali, mishono ile ile aliyonifundisha Bi Zuhura, na ikatumwa kwa mama yake ikiwa na kovu linaloonekana. Nilidhani mwenyewe angependa hivyo.

Mechi yao iliyofuata ilichezwa wiki chache kabla sijastaafu. Nilikuwa sijawahi kukanyaga uwanjani maisha yangu yote. Mpira mimi niliujua kwa matokeo yake. Safari hii nilikwenda, na nilishangaa kuona kwamba kuna watu wanaocheza katikati. Nilikaa na Bi Maryamu. Mashabiki walikaa kila mmoja upande wake kama zamani, wanatukanana kama zamani, na nilifarijika, maana nilihofu kwamba wangekuwa wapole na uwanja mzima ungelia. Lakini upande wa Matlai ngoma ilikuwa imewekwa juu ya kiti, kiraka chake kinaonekana, na hakuna aliyeigusa. Salimu alikuwa amekataa kumpa mtu.

Timu zilipoingia, Athumani akavuka. Alikuwa na jezi yake nyeupe, na uso wake wa sasa mnaujua, nusu umevutika. Kelele zikafifia. Akasimama mbele ya Salimu, akaitazama ile ngoma. Salimu naye akamtazama, akamwacha asimame muda ambao mimi niliuona mrefu kupita kiasi. Kisha akaichukua ngoma kitini, akamvika shingoni kwa mikono yake.

Athumani akaanza kupiga. Alipiga vibaya. Ni mbeba bendera yule, hana mkono wa ngoma, na kile kidole kilichopinda kilimpotezea mapigo. Wiyoni nzima ikaanza kumzomea na kumfundisha kwa wakati mmoja.

Bi Maryamu alikuwa ameshapiga simu. Alikuwa ameinyanyua juu ya kichwa chake, imeelekea uwanjani, mama wa Mutua asikie. Akaishusha, akaiweka katikati yetu, akauliza, "Waisikia?"

"Naisikia," ikajibu sauti ya bara. "Huyo si Mutua."

"Si Mutua," akasema Bi Maryamu. "Ni wangu."

"Anapiga kama anaogopa. Mutua alikuwa anapiga mpaka nyumba inatikisika, nikamfukuza nje akiwa mdogo. Mwambie asiogope. Mwambie mimi nimesema apige kwa nguvu."

Bi Maryamu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti miaka yote niliyomjua, akasimama juu ya benchi, akaweka mikono mdomoni, akamwita mwanawe kwa jina mbele ya Shela na Wiyoni. "Athumani! Mamako asema upige!"